Namna ya Kuitazama Upya Space: 1999 kwa Diski Zilizosafishwa, Ukiwa Uganda

Tupo wengi tulioiona tamthilia ya Space: 1999 utotoni kwa kanda ya VHS iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, nayo imenakiliwa kutoka nyingine tena, hata nyuso za waigizaji zikaonekana kama zimefunikwa kwa chandarua. Kanda yetu pale Jinja aliileta mjomba wangu kutoka Uingereza, na kwa miaka mingi niliamini kwamba anga katika tamthilia ile ilikuwa ya kijivu. Nilipoiona mara ya kwanza kwa diski ya Blu-ray iliyosafishwa, yaani iliyotolewa upya kutoka filamu ya asili, anga ilikuwa nyeusi tititi na nyota zake zilikuwa vitone vikali vya mwanga, nikatambua kwamba nilichokuwa nikikihukumu siku zote ni kanda wala si tamthilia. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuirudia kazi hii akiwa hapa Uganda, na kuirudia kwa haki, kwa sababu ina miaka miwili, yaani misimu miwili, isiyolingana kabisa, na namna unavyoitazama ndiyo itakayoamua kama utaimaliza au utaiacha njiani.

Kwanza ujue ukubwa wa kazi iliyo mbele yako. Gerry na Sylvia Anderson waliiandaa tamthilia hii katika studio za Pinewood, Uingereza, na ilianza kuonyeshwa huko mwaka 1975. Ina vipindi 48, yaani 24 vya Mwaka wa Kwanza na 24 vya Mwaka wa Pili, na kila kimoja huchukua takriban dakika 50, kwa hiyo jumla ni kama saa 40. Hadithi yenyewe huanza tarehe 13 Septemba 1999, pale taka za nyuklia zilizofukiwa upande wa pili wa Mwezi zinapolipuka na kuung'oa Mwezi kwenye njia yake, ukatokomea angani pamoja na watu 311 wa kituo cha Alpha. Mwanasayansi atakuambia mara moja kwamba mlipuko wa namna hiyo ungeuvunja Mwezi kabla ya kuusogeza, na ni kweli, lakini hadithi hii ni ya watu waliokatwa na nyumbani bila kuaga, wala si somo la fizikia.

Sasa tupate diski. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha, kwa hiyo soma taratibu. Diski na deki hugawanywa kwa maeneo ya dunia, na Uganda ina maeneo mawili tofauti kutegemea aina ya diski: kwa DVD tumo katika eneo la 5, ilhali kwa Blu-ray tumo katika eneo B pamoja na Uingereza. Maana yake ni kwamba Blu-ray ya Uingereza itakubaliwa na deki ya Blu-ray iliyotengenezwa kwa soko letu, lakini DVD ya Uingereza, ambayo ni ya eneo la 2, inaweza kukataliwa na deki hiyohiyo. Diski za Marekani ni eneo A kwa Blu-ray na eneo la 1 kwa DVD. Mwaka wa Kwanza uliosafishwa ulitolewa Uingereza na kampuni ya Network mwaka 2010, na kwa kuwa kampuni hiyo ilifunga shughuli zake mwaka 2023, nakala zake sasa hutafutwa kwa walionunua zamani. Seti yenye vipindi vyote 48 ilitolewa Marekani na Shout! Factory mwaka 2019, na ukiichagua hiyo itakubidi uwe na deki inayosoma maeneo yote.

Usiagize deki ya Marekani bila kuyasoma maandishi ya nyuma yake. Binamu yangu aliletewa moja, akaichomeka ukutani kwa furaha, na kabla hajaketi ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, kwa sababu ilitengenezwa kwa umeme wa volti 120 nasi hapa tuna 240. Tafuta iliyoandikwa 100 hadi 240, au uweke kipunguza volti katikati. Vilevile, unapopiga hesabu ya gharama, kumbuka kwamba bei ya muuzaji si bei ya mwisho: kuna usafirishaji, na kodi ya ongezeko la thamani kwetu ni asilimia 18. Wapenzi watatu au wanne wa tamthilia hii wakichanga kununua seti moja, mzigo huwa mwepesi, na kwa tamthilia ya saa 40 hakuna anayekosa zamu.

Diski ikifika, ishike ukingoni, uiinamishe dirishani na uitazame upande usio na picha. Mikwaruzo myembamba haina neno, lakini ukiona doa la ukungu au ufa karibu na tundu la katikati, irudishe mapema. Ikibidi kuifuta, tumia kitambaa laini kikavu, ukifuta kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe. Sisi tulio karibu na ziwa tuna unyevu, na walio kwenye barabara za murramu wana vumbi jekundu, kwa hiyo ziweke diski wima ndani ya makasha yake, mbali na ukuta unaotoa jasho.

Kazi inayofuata ni ya rimoti, nayo ni muhimu kuliko bei ya runinga yako. Picha ya Space: 1999 ilipigwa kwa umbo la nne kwa tatu, yaani karibu mraba, kwa hiyo kwenye runinga za leo itaacha mapande meusi kushoto na kulia. Mtu wa nyumbani atakuomba uivute ijae. Mkatalie kwa upole, kwa sababu ukiivuta, Mwezi unakuwa yai na Martin Landau, anayemcheza Kamanda Koenig, anakuwa mfupi mnene, na ukiikuza ili ijae, unakata vichwa vya watu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya picha, uchague hali ya sinema, uzime kile kinacholainisha mwendo, maana hufanya filamu ionekane kama taarifa ya habari, na ushushe ukali wa picha karibu na sifuri. Ukiona chembechembe ndogo zinazotetemeka juu ya picha, usidhani diski ni mbovu, kwa kuwa hizo ni chembe za filamu yenyewe ya milimita 35, na diski nzuri huziacha. Kama umepewa sauti za aina mbili, anza na ile ya mono, yaani ya mkondo mmoja, kwa kuwa ndiyo waliyoichanganya watengenezaji wenyewe.

Inafaa ujue kwa nini tamthilia hii imeupokea usafishaji vizuri kuliko nyingi za umri wake, kwa sababu ukilijua hilo utajua pia pa kuelekeza macho. Kwa kawaida, ili kuweka chombo, nyota na sayari katika picha moja, mafundi walipiga kila kitu peke yake kisha wakavinakili vyote kwenye filamu nyingine, na kila unakili ulipunguza uangavu na kuongeza chembe. Brian Johnson, mkuu wa picha maalumu za tamthilia hii, na mafundi wake walichukua njia ya subira zaidi: walipiga nyota, wakairudisha nyuma filamu ileile ndani ya kamera, wakapiga Mwezi mahali palipoachwa peusi, wakairudisha tena, wakapiga chombo. Kosa moja tu liliharibu kazi yote ya awali. Faida yake ni kwamba filamu tuliyo nayo leo ndiyo ile iliyoguswa na mwanga siku hiyo, na mashine ya kisasa inapoisoma upya hukuta kila kitu kikiwa mahali pake. Simamisha picha pale Eagle, chombo cha angani cha watu wa Alpha, inapotua, uangalie vumbi linavyotawanyika chini ya injini zake, mabomba yaliyosukwa ubavuni, na alama za uchakavu zilizopakwa kwa mkono. Modeli kubwa kuliko zote ilikuwa na urefu wa inchi 44, kama sentimita 112, yaani ingeweza kuketi juu ya meza yako ya chakula. Mara mojamoja utauona waya ulioishikilia, na mimi huufurahia, kwa kuwa ni alama ya mkono wa fundi.

Sasa mpangilio wa kutazama. Mwaka wa Kwanza utazame kwa mfuatano wa utengenezaji, usifuate ule wa kurushwa hewani. Sababu yake inaonekana wazi kwa mhusika mmoja, Kamishna Simmonds, anayekwama kituoni katika kipindi cha kwanza, Breakaway, na ambaye hatima yake inasimuliwa katika Earthbound. Earthbound kilikuwa cha tano kutengenezwa, lakini huko Uingereza kiliwekwa nyuma sana kwenye ratiba, hata ikawa kama mtu yule amejificha kabatini kwa miezi kisha akaibuka kudai kurudishwa duniani. Ukivipanga kwa mfuatano wa utengenezaji, unamwelewa. Jambo jingine dogo: nyimbo za mwanzo za mwaka huo hupita pamoja na vipande vya haraka vya kipindi unachokwenda kutazama. Wanaopenda kushangazwa na wainamishe macho, wausikilize muziki wa Barry Gray peke yake.

Usitazame zaidi ya vipindi viwili kwa usiku mmoja. Mwaka wa Kwanza huenda polepole, una ukimya mrefu, na vyumba vyake vyeupe huwafanya watu waonekane wadogo. Ukivirundika vipindi vinne utachoka na utadhani ni udhaifu wa hadithi. Black Sun, ambamo Kamanda Koenig na Profesa Bergman wanangoja kifo wakizungumza kwa utulivu kama wazee barazani, nakishauri kitazamwe peke yake na kisifuatwe na kitu. Dragon's Domain nacho kina usiku wake: rubani mmoja amesema kweli juu ya zimwi lililowaua wenzake, na hakuna aliyemwamini. Tulipokitazama umeme ulikatika zimwi lilipotokea tu, mtoto wa jirani akapiga yowe gizani, na hatukuweza kuendelea mpaka kesho yake. Tangu hapo nimekuwa na daftari, naandika namba ya diski, ya kipindi na dakika, kwa sababu deki nyingi za Blu-ray hupoteza mahali zinapozimika ghafla. Nawe fanya hivyo, na uweke stabilaiza, kwani umeme unaporudi kwa kishindo hudhuru zaidi kuliko unapoondoka.

Tukija kwenye Mwaka wa Pili, naomba subira yako. Ili tamthilia iuzike zaidi Marekani, aliletwa mwandaaji Mmarekani, Fred Freiberger, aliyetaka mapigano zaidi, mazimwi zaidi, utani na mapenzi ya wazi. Chumba kikuu chenye madirisha marefu kikaondolewa, Bergman akatoweka bila neno lolote la maelezo, Barry Gray akampisha Derek Wadsworth, na akaja Maya, mwanamke wa sayari ya Psychon anayeweza kujigeuza mnyama yeyote, akichezwa na Catherine Schell. Wapenzi wengi huishia hapa kwa hasira. Mimi nasema wanafanya kosa la kuutazama mwaka huu kwa kuufuata tu ulivyopangwa.

Dawa yake ni kumfuata mwandishi. Johnny Byrne, aliyeandika baadhi ya vipindi bora vya Mwaka wa Kwanza, aliandika vitatu vya Mwaka wa Pili: The Metamorph, The Immunity Syndrome na The Dorcons. Anza na viwili vya mwanzo, uone kwamba roho ya kazi haikufa, kisha ndipo uingie kwenye vingine. Freiberger mwenyewe aliandika vitatu kwa jina la Charles Woodgrove, na kimojawapo, The Rules of Luton, kina mimea inayowashitaki Koenig na Maya kwa kuchuma ua na kula matunda. Wazo lenyewe ni la kitoto, sifichi. Hata hivyo katikati yake kuna mazungumzo ya wawili hao kuhusu waliowapoteza, na Schell anayacheza kwa ukweli wa kutosha kukufanya uyasahau mazimwi kwa dakika kadhaa. Katika mwaka huu tafuta vitu vya namna hiyo, kipindi kwa kipindi, uviandike daftarini. Ukiwa na watoto nyumbani, waite kuanzia hapa, kwa maana Maya ni wao.

Kama unatazama na watu wasioelewa Kiingereza vizuri, utashawishika kutafsiri juu ya sauti kama wafanyavyo maveejay, wasimulizi wa filamu, katika vibanda vyetu vya video. Ninawaheshimu sana, lakini tamthilia hii ina ukimya ambao ukiujaza maneno unaua kilichomo. Mzee wangu mmoja wa Bombo ana njia nzuri zaidi: kabla ya kipindi anasimulia kwa Kiswahili kwa dakika tatu nani yuko wapi na anataka nini, bila kufichua mwisho, kisha ananyamaza, na anasimamisha diski mara moja tu katikati kwa maswali.

The Dorcons kiweke cha mwisho, kama kilivyotengenezwa. Hakimalizi chochote, kwa kuwa tamthilia ilikatishwa bila hitimisho, lakini usiitoe diski bado. Angalia kwenye nyongeza za seti yako kama ipo filamu fupi iitwayo Message from Moonbase Alpha, iliyoandikwa na Byrne na kuonyeshwa kwa wapenzi waliokusanyika Los Angeles tarehe 13 Septemba 1999, siku ileile ya hadithi. Zienia Merton, aliyemcheza Sandra Benes tangu mwanzo, amebaki peke yake kituoni, wenzake wameshahamia kwenye sayari inayokalika, naye anairekodi salamu ya mwisho kwenda duniani kabla ya taa kuzimwa. Hudumu dakika chache tu. Itazame baada ya saa zote 40, na mapande meusi yakiwa bado kushoto na kulia.