Kupandisha kontena Cloud Run: ujumbe wa poti na yaliyofichika nyuma yake

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye programu yake ya Python inaenda vizuri kwenye Docker katika kompyuta yake, na sasa anataka iende Cloud Run (huduma ya Google inayokuendeshea kontena) asihangaike na seva. Nachukulia kwamba akaunti, mradi na `gcloud` viko tayari.

Hatua ya 1: Jenga imeji

```
docker build --platform linux/amd64 -t ENEO-docker.pkg.dev/MRADI/HAZINA/api:3f9c2e1 .
docker push ENEO-docker.pkg.dev/MRADI/HAZINA/api:3f9c2e1
```

Lebo iwe namba ya komiti ya Git, kamwe isiwe `latest`. Siku toleo jipya likiharibika, `latest` haitakuambia urudi wapi. Imeji ya msingi chukua ya slim, achana na alpine: alpine inatumia musl badala ya glibc (zote ni maktaba za msingi za C), na maktaba moja tu iliyojengwa kwa glibc inatosha kukupotezea mchana mzima.

Hatua ya 2: Pandisha

```
gcloud run deploy api --image ENEO-docker.pkg.dev/MRADI/HAZINA/api:3f9c2e1 \
  --region ENEO --memory 512Mi --concurrency 8 --max-instances 10
```

Usipotaja `--concurrency`, kila nakala ya kontena itapewa hadi maombi 80 kwa wakati mmoja. Mimi naiweka ilingane na idadi ya nyuzi (threads) za gunicorn, seva inayoendesha programu ya Python.

Hatua ya 3: Ikikataa kuwaka

Hapa ndipo wengi wanakwama. Ujumbe unaotokea ni huu: `failed to start and listen on the port defined by PORT=8080`. Mtu akiusoma anakimbilia kubadilisha namba ya poti, anapandisha tena, unarudi uleule. Kumbe ujumbe huo unasema jambo moja tu: Cloud Run imegonga poti na hakuna aliyeitika. Kwa nini hakuitika, hausemi. Sababu iko kwenye logi za toleo lililokufa, kwa hiyo zifungue kwanza kabla hujagusa kitu.

Ukiona `exec format error`, imeji imejengwa kwa kichakataji cha ARM. Kompyuta za Mac zenye chipu za Apple hufanya hivyo zisipoambiwa vingine, ndiyo maana `--platform` iko hatua ya 1. Usiitoe.

Ukiona programu imewaka vizuri na imeandika `Running on http://127.0.0.1:8080`, tatizo ni anwani, wala si poti. 127.0.0.1 ndani ya kontena inasikia sauti za ndani ya kontena hilo peke yake. Lazima iwe `0.0.0.0`. Seva ya majaribio ya Flask na uvicorn zote huanza na 127.0.0.1 usipozielekeza.

Ukiona `'$PORT' is not a valid port number`, angalia mstari wa mwisho wa Dockerfile. Ukiandika CMD kwa mabano ya mraba, hakuna sheli inayosoma `$PORT`, hivyo gunicorn inapokea herufi zenyewe. Andika hivi:

```
CMD exec gunicorn --bind 0.0.0.0:$PORT --workers 1 --threads 8 --timeout 0 main:app
```

Neno `exec` hapo lina kazi kubwa. Likikosekana, sheli inaweza kubaki kuwa mchakato namba 1, na Cloud Run inapotuma SIGTERM ili kuzima nakala, ishara inaishia kwa sheli. Gunicorn inaendelea kama kawaida, sekunde 10 zinaisha, kisha inauawa katikati ya maombi.

Logi zikiwa kimya kabisa, shuku kazi nzito wakati wa kuwaka. Kwa kawaida Cloud Run husubiri hadi sekunde 240. Uhamishaji wa majedwali ya kanzidata ukiwa ndani ya amri ya kuwasha, unaweza kuzimaliza zote, tena nakala mbili zikiwaka pamoja zinaugombania. Uhamishaji uendeshe peke yake kama Cloud Run Job (kazi inayoendeshwa hadi iishe, kisha inazimika), kabla ya kupandisha.

Na kuna memori. Faili unazoandika ndani ya kontena, hata kwenye `/tmp`, zinahesabiwa kwenye zile 512 MiB. Programu inayopakua modeli ya 400 MB kila inapowaka haitafika mbali.

Mengi ya haya unaweza kuyakamata nyumbani:

```
docker run --rm -e PORT=9090 -p 9090:9090 --memory 512m IMEJI
curl -i http://localhost:9090/
```

Nimeweka 9090 makusudi, ili 8080 iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo ijulikane. Curl ikijibu `Connection reset by peer` wakati programu inaonekana hai, rudi kwenye habari ya 127.0.0.1.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kanzidata

SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kuongea na kanzidata, hushika miunganisho 5 na huruhusu 10 ya ziada, jumla 15 kwa kila mchakato. Kwa nakala 10 ni 150, na PostgreSQL kwa kawaida inaruhusu 100, tena 3 kati ya hizo ni za msimamizi. Weka `pool_size=3, max_overflow=1`. Hapo ni 40, na wakati wa kubadilisha toleo, la zamani na jipya yakiwa hewani pamoja, ni 80.

Hatua ya 5: Siri

Ongeza hii kwenye amri ya hatua ya 2:

```
--set-secrets DB_PASS=db-pass:3
```

Taja namba ya toleo la siri. Thamani husomwa nakala inapowaka, kwa hiyo ukitumia `latest` nakala za jana na za leo zinaweza kuwa na nenosiri tofauti.

Hatua ya 6: Kubadilisha toleo

Pandisha kwa `--no-traffic --tag jaribio`, fungua anwani ya jaribio uikague, kisha:

```
gcloud run services update-traffic api --region ENEO --to-tags jaribio=10
```

Logi zikitulia, malizia kwa `--to-latest`. Usipoiendesha hiyo, mgawanyo uliouweka unabaki palepale, na matoleo yote utakayopandisha baadaye yatakaa bila kupokea ombi hata moja huku amri ikikuambia imefaulu.

Matunzo

Imeji uliyoijenga kwa Dockerfile yako, Cloud Run haiiwekei viraka vya usalama. Ijenge upya kila mwezi hata kama msimbo haujabadilika, na uongeze `--pull`, la sivyo Docker itatumia imeji ya msingi iliyokwisha kuihifadhi kwenye kompyuta yako.