Nimuanzishie mtoto Scratch, ScratchJr au Snap!? Wajaribishe kwa ngalawa moja

Scratch, ScratchJr na Snap! ni programu za kumfundisha mtoto kuandika programu za kompyuta kwa kuunganisha bloki, yaani vipande vya amri, badala ya kuandika kodi. Wazee wengi hapa Chake Chake, Pemba, wananiuliza mwalimu mtoto wangu nimuanzishie ipi. Mimi sichagui kwa kusoma sifa, nawapa kazi ileile kwenye kila programu halafu naangalia mtoto anakwama wapi.

Hatua ya 1. Daunlodi mapema pahala penye mtandao mzuri. ScratchJr iweke kwenye tableti, Scratch kwenye kompyuta, zikishaingia hazili bando tena. Snap! utaifungua kwenye brauza.

Hatua ya 2. Kazi yenyewe: mtoto achore ngalawa na mwamba, ngalawa itoke kushoto iende kulia, ikigusa mwamba isimame. Basi.

Hatua ya 3. Anza na ScratchJr. Walioitengeneza wanasema ni ya miaka 5 hadi 7, lakini mimi naangalia kama mtoto anasoma au bado, maana bloki zake hazina maneno, ni picha tu. Iko bloki ya kuanza ukigongana na mwenzako, anaiunga na ya kusimama, kazi imekwisha, na furaha yake utaiona usoni.

Hatua ya 4. Scratch, miaka 8 hadi 16. Tafuta alama ya dunia (kwenye matoleo mapya imo ndani ya Settings, penye Language) uweke Kiswahili. Hapa ndipo pa kukaa sana, kwa sababu karibu kila mtoto anaweka "kama unagusa mwamba" nje ya bloki ya kurudia milele, na ngalawa inapita juu ya mwamba kama haupo! Usimsahihishie tafadhali. Muulize, nahodha akitazama mwamba mara moja tu akiwa bandarini halafu akalala, itakuwaje? Atafikiri, atakwambia lazima atazame njia nzima, na mkono wake wenyewe utaiingiza ile "kama" ndani. Nalipenda sana somo hili, ScratchJr haikupi kwa sababu kule kugongana inakuangalilia yenyewe.

Hatua ya 5. Snap! ya Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, mpe aliyeanza kutengeneza bloki zake. Kwenye Scratch bloki uliyoitengeneza inafanya kazi lakini hairudishi jibu, kwenye Snap! inarudisha, kwa hiyo anaweza kutengeneza bloki ya nauli, anaipa idadi ya abiria inamrudishia pesa. Mdogo usimkimbize huku.

Hatua ya 6. Waweke wawili wawili kwa mashine moja, na kila ngalawa ikigonga mwamba wabadilishane kipanya cha kompyuta.