Bunduki nyumbani, mtoto shuleni: mwongozo kwa wazazi walioko Marekani

Anza na kabati lako kabla ya geti la shule. Secret Service, idara inayomlinda rais wa Marekani, ilichunguza mashambulizi 41 ya shuleni ya mwaka 2008 hadi 2017. Pale ilipotumika bunduki, karibu mara tatu kati ya nne ilitoka kwa mzazi au ndugu wa karibu.

Kufuli la waya, ambalo vituo vingi vya polisi hulitoa bure, lina namna yake. Kwa bastola ya magazini, toa magazini kwanza. Vuta slaidi nyuma, tazama chemba, kisha ipapase kwa kidole, maana risasi moja huweza kubaki humo. Pitisha waya kwenye tundu la kutolea maganda, utokee chini panapoingia magazini, ndipo ufunge. Kuuzungushia kwenye kifyatulio tu ni kujidanganya: bastola bado inajazika. Risasi zifungie mahali pengine, na namba ya kiwandani ya sefu ibadilishwe siku hiyohiyo. Katika kesi ya Oxford, Michigan, ambako wanafunzi wanne waliuawa Novemba 2021, kufuli la waya lilikutwa halijatumika. Wazazi wote wawili wa kijana aliyeua walifungwa miaka 10 hadi 15.

Mtoto akialikwa kulala kwa rafiki, uliza bila haya: "Samahani mama Asha, hapo kwenu kuna silaha? Inafungiwa wapi?"

Wengi wenye maradhi ya akili hawamdhuru mtu. Cha kuogopa ni maneno ya kuua au kufa, kinyongo kisichoisha, na silaha iliyo karibu. Muulize mtoto waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo. Piga 988, namba ya msaada kwa anayefikiria kujiua, usiku au mchana, uombe mkalimani.

Shuleni, omba kikao cha timu ya kutathmini vitisho. Mkalimani ni haki yako, bure. Mtoto asitafsiri, atayapunguza makali. Usitoke bila kujua nani atakuwa naye, na bunduki ya nyumbani iko wapi. Kule Oxford wazazi waliitwa shuleni asubuhi ileile ya mauaji, kijana akarudi darasani, begi halikupekuliwa.

Majimbo zaidi ya 20 yana amri ya mahakama ya kumwondolea silaha kwa muda mtu anayetishia. Florida huombwa na polisi tu. New York hata mkuu wa shule anaweza. "Nina wasiwasi naye" haitoshi: peleka maneno yenyewe, tarehe, picha za ujumbe, aina ya bunduki na inapowekwa. Maombi haya si kesi ya jinai, ila kuivunja amri ni kosa.