Kabla hujabeba mradi wa sayansi kwenda kwenye maonyesho

Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya sayansi, Temeke. Nimeshuhudia watoto wakilia nyuma ya meza zao kwa mambo ambayo tungeyamaliza wiki mbili kabla, kwa hiyo wazazi na wanafunzi mnisikilize.

Anza na swali, usianze na kifaa. "Nataka kutengeneza roboti" si swali. "Mchicha unaomwagiliwa maji ya chumvi ya kisima cha kwetu unakua sawa na wa maji ya mvua?" hilo ni swali, na jibu lake halipo kwenye simu ya mtu. Ila hesabu siku. Mchicha unataka wiki tatu hadi nne, na ukipanda wiki ya maonyesho utakwenda kuonyesha udongo.

Usidharau swali dogo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu alioweka kwenye friji ukiwa moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake uliowekwa bila kuchemshwa. Alichekwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka chuo kikuu hapa Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha utafiti wakiwa wawili. Wanasayansi wanabishana mpaka leo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kipimajoto kikisogezwa sentimita moja tu kinaweza kukudanganya. Kwa hiyo ukipima, pima palepale kila mara.

Rudia jaribio mara tatu angalau. Andika kwenye daftari siku hiyohiyo, pamoja na yale yaliyoharibika.

Ukitaka betri ya ndimu, jua kwamba ndimu moja yenye msumari wa mabati (ule uliopakwa zinki) na kipande cha waya wa shaba haifiki volti 1, wakati taa nyekundu ya LED inataka karibu volti 2. Unga tatu au nne mfululizo, na ukiona taa inafifia usishangae, umeme wake ni kidogo. Vifaa vyote hivyo Kariakoo vipo. Nunua vya ziada.

Sasa hili lililoniuma.

Mabinti wawili wa kidato cha pili walichagua kusafisha maji ya tope kwa mbegu za mlonge. Mradi mzuri, wa nyumbani kabisa: mbegu zinamenywa, zinatwangwa, zinachanganywa na maji safi kidogo na kuchujwa, halafu ule uji mweupe unamiminwa kwenye maji ya tope. Unakoroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika tano, unaacha yatulie. Protini za mlonge zina chaji chanya na chembe za udongo zina chaji hasi, zinashikana, zinakuwa mabonge, yanazama. Walichota maji ya mto wakati wa masika (na glavu, niliwasimamia), wakapata chupa inayong'aa. Tulifurahi sote, mimi kuliko wao.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi. Ili tusichelewe na foleni, nikawaambia watengeneze Alhamisi, tukafungia chupa kwenye stoo ya shule chini ya bati. Bango lilikuwa safi, manila mbili, herufi zimechorwa kwa rula. Tulikodi bajaji ili lisikunjwe kwenye daladala.

Jaji alikuwa mama mtu mzima, mpole. Wakamwamkia, wakaeleza vizuri, hawakukwama hata mara moja. Akaitazama ile chupa moja mezani.

"Na ile ambayo hamkuweka mlonge iko wapi, wanangu?"

"Hatukuleta, mama."

"Mlikuwa nayo?"

Kimya. Mmoja akanigeukia mimi.

"Maji ya tope yakikaa tu, udongo si unazama wenyewe? Nitajuaje kama ni mlonge uliofanya kazi?"

Kisha akafungua kizibo anuse. Alikirudisha haraka sana. Mlonge ni mbegu, unaacha vitu vya kuoza ndani ya maji, na siku mbili kwenye joto la Dar zinatosha. Maji yalinuka kama ndoo ya dagaa iliyosahauliwa. Watoto wa meza ya jirani wakaziba pua huku wanacheka.

Jumatatu tulirudia, chupa mbili, maji ya ndoo moja, kukoroga sawasawa. Baada ya saa moja ya mlonge ilikuwa safi, na isiyo na kitu bado ilikuwa kama chai ya maziwa. Ndiyo kusema mabinti walikuwa na ukweli tangu mwanzo, ila hawakuwa na cha kumwonyesha jaji. Chupa tupu ya maji ipo kila genge. Kosa lilikuwa langu, niliangalia bango nikasahau kuuliza.

Basi, uwe na chupa ya kulinganishia, au mche, au mkate usiotiwa kitu. Usipime kimoja peke yake. Chochote kinachooza kitengenezwe asubuhi ileile, au jaribio lenyewe lifanyike mbele ya jaji. Na usiseme maji ya mlonge "ni salama kunywa": vijidudu vinapungua, ila vingine vinabaki, lazima yachemshwe.

Mengine ni ya kawaida. Beba ekstensheni yako, na mradi uweze kuelezeka umeme ukikatika. Beba gundi, mkasi, kitambaa cha kufutia. Mzazi, usimjengee mtoto mradi, jaji akiuliza swali la pili atajua. Asidi ya betri ya gari ibaki kwa fundi. Zebaki marufuku. Kitu chenye mgandamizo au moto usikilete bila mwalimu kukiona, hata kama kakako anasema ameshakijaribu. Kula kabla ya kuja, kusimama saa sita si mchezo. Na maji ya kunywa yawe kwenye chupa ya rangi nyingine kabisa, tena iandikwe jina.