Kalikiti kwa mwanamume: kuiweka na kuitunza

Mteja akinionyesha picha ya mawimbi anayoyataka, mimi kwanza hushika nywele zake. Dawa ya kalikiti, yaani ya kuzipa nywele mawimbi ya kudumu, haibandiki mawimbi hayo juu juu. Inavunja viungo vya salfa vinavyoshikilia umbo la nywele kwa ndani, kisha dawa ya pili inaviunga upya nywele zikiwa bado zimezungushwa kwenye rola. Nywele zilizochoka hazihimili kazi hiyo.

1. Pima urefu na uzima. Sentimita 7 au 8 zinatosha kuanzia. Kama nywele zimepaushwa, acha. Kama zilinyooshwa kwa dawa ya sodiamu haidroksaidi, acha kabisa: dawa hizo hazipatani na za kalikiti, nywele zitakatika. Subiri zikue mpya, ukate zile za zamani. Mwenye vidonda kichwani naye asubiri vipone.

2. Jaribu kishungi kimoja cha kisogoni, kwa dawa zote mbili, kabla ya kugusa kichwa kizima. Wenye haraka huruka hatua hii. Mimi siiruki kwa mtu yeyote.

3. Chagua rola. Nyembamba hutoa vikunjo vya kubana, nene hutoa mawimbi mapana. Changanya saizi mbili na ubadilishe mwelekeo wa rola hapa na pale. Zikiwa sawa zote na zimelala upande mmoja, kichwa kinaonekana kama kimevikwa kofia. Pembeni panaponyolewa chini hapahitaji dawa.

4. Osha na uzungushe. Tumia shampuu, lakini usikwaruze ngozi kwa kucha, maana dawa itawasha. Kila fungu lisizidi upana wa rola. Funika ncha kwa karatasi ya rola zikiwa zimenyooka, kwa sababu ncha iliyokunjika itabaki imekunjika. Mpira wa rola usikandamize mashina. Paka mafuta mgando ukingoni mwa nywele, kisha zungushia pamba. Nywele za kipilipili huanza na krimu ya kuzilegeza, husuuzwa, ndipo zikaingia kwenye rola.

5. Dawa ya kwanza. Vaa glavu, lowesha kila rola, na ubadilishe pamba ikilowa. Usizidishe muda ulioandikwa kwenye chupa, ila macho yako ndiyo yaamue. Fungua rola moja mzunguko mmoja na nusu, isukume kidogo kuelekea kichwani bila kuvuta nywele. Zikijikunja zenyewe kwa umbo la S lililo wazi, zimeiva. Usiongeze joto isipokuwa maelekezo yaseme hivyo. Karl Nessler, msusi Mjerumani, alipoonyesha njia yake ya kutia mawimbi ya kudumu huko London mwanzoni mwa karne ya 20, alihitaji mitambo ya moto. Dawa nyingi za leo hazihitaji.

6. Suuza rola zikiwa kichwani. Kalikiti nyingi huharibikia hapa. Maji ya uvuguvugu, dakika 5 kamili kwa uchache, ukipitia kila rola, hasa za kisogoni ambazo maji huzikwepa. Dawa inayobaki inaendelea kula nywele. Kisha bana kila rola kwa taulo hadi taulo lisitoke na maji, kwa sababu maji yanayobaki yanazimua dawa inayofuata. Mawimbi yakilegea ndani ya wiki moja, mimi hushuku hatua hii kwanza.

7. Dawa ya kufunga. Lowesha kila rola, subiri kwa muda ulioandikwa (mara nyingi dakika 5 hadi 10), toa rola taratibu, kisha suuza tena.

Matunzo. Usioshe kwa saa 48. Baada ya hapo, mara mbili kwa wiki zinatosha wengi: shampuu isiyo na salfeti, na kondishna kila unapoosha. Chana zikiwa na maji na kondishna, kwa chanuo la meno mapana au vidole. Brashi weka mbali. Taulo likamue, lisisugue. Paka krimu ya mawimbi nywele zikiwa mbichi, ziache zikauke zenyewe, au tumia draya yenye kichwa cha kutawanya hewa, kwa moto mdogo. Kipilipili kinahitaji unyevu kila siku. Kipulizie maji yenye gliserini.

Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo baada ya miezi mitatu hivi mashina yatakuwa na umbo lako la asili. Ukirudia, dawa ipakwe kwenye mashina mapya tu. Yale mawimbi ya zamani yakinge kwa kondishna nzito, na ncha zilizokauka zipunguzwe.