Kutafsiri dodoso la bega kwa wagonjwa wa Kigoma

Dodoso la SPADI, la Kiingereza la kupima maumivu na ugumu wa bega, lililotoka mwaka 1991, lina maswali 13: matano ya maumivu, manane ya ugumu wa kufanya shughuli za kila siku. Kila swali hujibiwa kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Ukilitazama haraka utadhani ni kazi ya jioni moja. Maneno yake kweli ni mepesi. Kinachopotea ni kitendo: swali linafika kwa Kiswahili safi, lakini bega haliulizwi tena lile lililokusudiwa.

Anza kwa kuangalia kama tafsiri ipo tayari, uombe ruhusa kwa wenye haki, na kama ni utafiti, upate kibali cha maadili kabla ya kumhoji mgonjwa yeyote. Kisha tafuta wafasiri wawili ambao Kiswahili ndiyo lugha yao, mmoja wa fiziotherapia na mwingine asiyejua lolote la tiba. Mwalimu wa Kiswahili anafaa sana. Kila mmoja atafsiri peke yake. Wakutanishe, watoe nakala moja, na kila walipobishana paandikwe. Nakala hiyo wapewe wengine wawili wairudishe kwenye Kiingereza bila kuona dodoso la asili. Hapa mjini watu wa kuirudisha ni wachache, kwa hiyo itume hata kwa barua pepe, lakini usimpe daktari mwenzako aliyekwisha kulisoma dodoso: atarudisha anachokikumbuka, siyo alichoandikiwa.

Karatasi zote ziende kwa kamati ya wafasiri hao pamoja na watu wa tiba. Kamati ianze na neno “mkono”. Kiingereza kina arm kwa mkono mzima na hand kwa kiganja na vidole. Sisi vyote ni mkono. Ukimuuliza mvuvi kama mkono unamuuma akisukuma kitu, anaweza kukujibia vidole vilivyochubuliwa na kamba. Andika “mkono wa upande wa bega linalouma”, na ukurasa wa kwanza uchore mwili, mgonjwa aweke alama panapouma. Wengine watagusa kati ya shingo na bega. Hao wachunguze kwanza, huenda tatizo ni la shingo.

Sasa vitendo. Kuosha nywele: andika “kuosha kichwa”, maana wengi wamenyoa na wengine wamesuka. Kufikia rafu ya juu: nyumba nyingi hazina rafu, kwa hiyo “kuweka kitu mahali palipopita kichwa chako, kama juu ya kabati au kwenye kenchi”. Kutoa kitu mfuko wa nyuma wa suruali ni swali gumu kuliko yote, kwani mama aliyejifunga kitenge hana mfuko huo. Usiliondoe. Kinachopimwa ni bega kuzungukia ndani, mkono ukienda nyuma ya kiuno, kwa hiyo “kuchomeka nguo kwa nyuma kiunoni” kunabaki na mwendo ule ule.

Swali la uzito linataja ratili 10, yaani kilo 4.5. Kigoma tuna bahati hapo: kidumu cha lita 5 cha mawese kina mafuta ya karibu uzito huohuo. Ila ukiandika “kubeba kidumu” tu, wanawake watajibu kuhusu kujitwika, na kichwani bega halibebi chochote. Andika “kubeba kwa kuning’iniza mkononi”.

Muda uwe “siku saba zilizopita hadi leo”. Ukisema “wiki iliyopita” siku ya Alhamisi, kuna atakayekuhesabia hadi Jumapili tu. Anayehoji asiulize kwa kukanusha. “Hupati shida kuvaa shati?” “Ndiyo.” Mgonjwa amekubali kwamba hapati, karani ameandika kwamba anapata. Neno “shida” lenyewe liache, linavuta habari za ada na mikopo, “ugumu” linatosha. Na kwa kuwa kwenye maswali ya ugumu 10 maana yake ni kushindwa mpaka usaidiwe, anayevalishwa na binti yake kwa upendo tu aulizwe ingekuwaje kama angekuwa peke yake.

Jaribu nakala kwa wagonjwa 30 hadi 40: wavuvi, wakwea michikichi, wakulima, akina mama wa sokoni. Baada ya kila swali mwambie alirudie kwa maneno yake. Watatu wakipotea mahali pamoja, swali ndilo lenye kosa. Ukikusudia kulitumia pia kambi ya Nyarugusu, wanakoishi wakimbizi wa Kongo, rudia jaribio huko, maana Kiswahili cha Kongo kina njia zake.

Amueni mapema namna ya kujumlisha. Mgonjwa mwenye 30 kati ya 50 za maumivu na 24 kati ya 80 za ugumu ana asilimia 60 na 30; wastani wake ni 45. Ukigawa jumla ya 54 kwa 130 unapata 41.5. Njia zote mbili zinatumika, lakini kuzichanganya ndani ya kazi moja ni kuharibu hesabu.

Mwisho wagonjwa wasiopungua 50 wajibu mara mbili, siku saba hivi zikipita katikati, bila matibabu mapya, ili uone kama majibu yanasimama. Kwa wavuvi wa dagaa tazama mwezi kwanza. Wanavua kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Ukimhoji giza likiisha na kumrudia kwenye mbalamwezi, bega litakuwa limepoa kwa kupumzika, nawe utalaumu dodoso. Vipimo vyote viwili viwe ndani ya giza moja.