Kuongoza tawi la chama cha wahandisi wa metali kwa kujitolea: kazi ya mwaka mmoja

Vyama vya wataalamu wa metali huendeshwa na watu wenye ajira kwingine. Ndivyo ilivyokuwa Johannesburg mwaka 1894, wakemia na wanametalujia wa migodi ya dhahabu walipoanzisha chama ambacho leo kinaitwa SAIMM (Taasisi ya Madini na Metalujia ya Kusini mwa Afrika). Ndivyo ilivyokuwa pia Detroit mwaka 1913, pale mhunzi William Park Woodside alipowakutanisha watu wa kupasha chuma na kukizimisha (kukipoza ghafla) ili wafundishane. Klabu ile ndiyo ASM International ya leo. Makao makuu yanaweza kuwa na waajiriwa, lakini matawi huishi kwa jioni na Jumamosi za wanachama. Mwongozo huu ni wa anayepokea uenyekiti wa tawi la watu 30 hadi 150, awe Dar es Salaam, Nairobi, Mwanza au Lubumbashi.

Kabla hujakubali

Omba kuonyeshwa vitu vinne: katiba, taarifa ya benki ya miezi 12, orodha ya waliolipa ada, na muhtasari wa mkutano mkuu uliopita. Kikikosekana kimoja si sababu ya kukataa, ila ujue kazi yako ya kwanza ni hiyo.

Ndani ya katiba angalia akidi. Matawi mengi yameandika kwamba mkutano mkuu unahitaji nusu ya wanachama, na daftari bado lina waliohamia Perth, Australia, au walioacha fani. Matokeo yake kila mkutano mkuu ni batili na hakuna anayesema. Safisha daftari kwanza, kisha peleka marekebisho: akidi iwe watu 15 au moja ya tano ya waliolipa ada ya mwaka huo, idadi iliyo ndogo kati ya hizo. Taarifa za mwaka kwa msajili mkabidhi katibu, zikiwa na tarehe kwenye kalenda yake.

Kamati ya watu watano hadi saba inatosha. Nafasi moja ambayo wengi huisahau ni mratibu wa mada, mtu ambaye kazi yake pekee ni kutafuta wazungumzaji. Ukimwachia katibu kazi hiyo, mihtasari haitaandikwa. Ukiibeba mwenyewe, mwakani mrithi wako ataanza bila simu ya mtu hata mmoja.

Kalenda

Panga mikutano sita kwa mwaka, si kumi na miwili. Miwili isiyoandaliwa vizuri huwapunguza watu kuliko mwezi mtupu. Epuka Desemba, na mwezi wa Ramadhani ukipanga jioni utawakosa wengi kwa sababu ya futari.

Tatizo lisiloonekana ni zamu za migodini. Mhandisi anayekaa mgodini wiki mbili na kurudi nyumbani wiki mbili ana mzunguko wa siku 28. Mkutano wa "Alhamisi ya pili kila mwezi" hurudi kila baada ya siku 28 au 35, kwa hiyo kundi lilelile la zamu hukosa miezi kadhaa mfululizo, kisha mnalalamika kwamba watu wa dhahabu hawajitokezi. Badilisheni: mkutano mmoja Alhamisi ya pili, unaofuata Alhamisi ya nne.

Mada

Mzungumzaji akubali wiki nane kabla, kichwa cha mada kifike wiki sita kabla, tangazo litoke wiki tatu kabla, na ukumbusho siku mbili kabla. Dakika 40 za mada na 20 za maswali. Uliza bodi ya wahandisi mapema kama kikao kinaweza kutoa alama za mafunzo endelevu. Ukiomba baada ya kikao, umechelewa.

Mada zinazojaza ukumbi ni za kilichovunjika: shafti ya pampu, mrija wa boila, jino la ekskaveta. Mpe mzungumzaji maswali matatu ya kujibu: kilivunjikaje, mlijuaje chanzo, mmebadilisha nini. Awe na ruhusa ya maandishi ya mwajiri, na slaidi zisionyeshe namba za mtambo wala jina la eneo. Kama shauri liko mahakamani au kwa bima, achana nalo mpaka liishe, hata kama picha zake ni tamu kiasi gani. Kila picha ya hadubini iwe na mstari wa kipimo na itaje kilichotumika kuchoma uso wa sampuli, kwa mfano naitali (asidi ya nitriki ndani ya alkoholi) ya asilimia 2. Bila hivyo wasikilizaji hawawezi kujua kama wanaona chembe ya mikroni 10 au 100.

Kampuni inayouza vifaa isifukuzwe, maana mara nyingi ndiyo inayolipia chai. Iwekewe masharti: nembo slaidi ya kwanza na ya mwisho tu, bei hapana, na angalau nusu ya muda iwe sayansi ambayo mtu anaweza kuitumia hata kwa bidhaa ya mshindani. Slaidi ziletwe wiki moja kabla. Tawi linaloruhusu matangazo matatu mfululizo halihitaji adui.

Ziara za viwandani

Hapa ndipo mwenyekiti anaweza kumuumiza mtu, kwa hiyo hapa ndipo pa kutumia muda mwingi.

Viwanda vingi vya nondo vya ukanda wetu huyeyusha vyuma chakavu katika tanuru la induksheni, linalopasha chuma kwa uga wa sumaku wa umeme, kwenye joto la karibu nyuzi 1,600. Hatari kubwa si joto bali maji. Maji yaliyonaswa ndani ya bomba au kopo lililofungwa yakizama chini ya chuma kilichoyeyuka hugeuka mvuke mara moja na kutanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita. Chuma hutupwa nje. Wakati wa masika chakavu hulowa uani. Kama kiwanda hakina banda la kukaushia, panga ziara kiangazi, au omba kuona upande wa kuviringisha nondo tu.

Mwende watu 15 hadi 20, kila watano na kiongozi mmoja wa kiwanda. Orodha ya majina na namba za vitambulisho ifike siku saba kabla. Mavazi: shati la pamba la mikono mirefu, suruali nzito ya pamba, buti za ngozi zenye kichwa cha chuma, na suruali ishuke nje ya buti ili cheche isiingie ndani. Nailoni na poliesta ni marufuku, kwa kuwa huyeyuka na kugandamana na ngozi. Jezi ya mpira ni poliesta. Litamkeni hilo wazi kwenye tangazo, maana wanafunzi huja nazo. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asisogelee tanuru la induksheni, na aulizwe faraghani, si mbele ya watu. Asiyevaa ipasavyo hubaki ofisini, awe mwanafunzi au mwenyekiti mstaafu.

Kwenye mgodi wa dhahabu ongeza mambo mawili: simu huachwa getini kabla ya chumba cha dhahabu, na eneo la sianidi, sumu inayotumika kutoa dhahabu kwenye mawe, hufuata maelekezo ya mwenyeji bila mjadala.

Onyesho la shuleni

Tawi lisilo na bajeti linaweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi kupasha na kupoza kunavyobadilisha chuma kwa pini za nywele, zile nyeusi zenye mawimbi. Chukua nne na uzing'oe vidole vya plastiki. Ya kwanza iache kama ilivyo: hukunjika kidogo na kurudi. Ya pili ipashe kwenye mwali wa gesi mpaka iwe nyekundu, kisha iondoe motoni polepole sana: sasa hukunjika na kubaki ilivyokunjwa. Ya tatu ipashe hivyohivyo na itumbukize papo hapo kwenye maji baridi: hukatika kama biskuti. Ya nne izimishe kama ya tatu, isugue kwa msasa ing'ae, halafu ishike juu ya mwali, si ndani yake, mpaka rangi ya bluu itokee, karibu nyuzi 300: hurudisha unyumbufu.

Kosa la kawaida ni ya tatu kukataa kukatika. Waya ni mwembamba, hupoa hewani kabla ya kufika majini. Kikombe kikae kiganja kimoja tu kutoka kwenye mwali. La pili ni pini za bei rahisi zenye kaboni kidogo, ambazo haziwi ngumu kamwe. Jaribu pini za pakiti hiyohiyo siku moja kabla. Miwani ya kinga ni lazima, na kuvunja kufanyike kwa koleo, pini ikiwa ndani ya kitambaa.

Fedha na ushindani

Malipo yaingie kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la chama, kamwe si simu ya mweka hazina. Waweka saini watatu, wawili wanatosha kutoa. Mfadhili mmoja asizidi theluthi ya bajeti. Posho za vikao zisianzishwe: rudisha nauli kwa risiti, basi. Posho ikishaanza, mikutano huongezeka na fedha za mada huisha.

Jambo jingine halizungumzwi vya kutosha. Wanachama wako wanatoka kampuni zinazoshindana, na wako chumba kimoja. Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilitoza kampuni tisa za chuma faini ya jumla ya zaidi ya shilingi milioni 338 kwa kupanga bei. Mwanzoni mwa kila kikao soma sentensi moja: hapa hatujadili bei, kiasi cha uzalishaji, wateja wala zabuni. Mtu akianza kulalamikia bei ya chakavu, mkatize, na muhtasari uandike kwamba mjadala ulisimamishwa.

Mrithi

Uchaguzi wenye mgombea mmoja aliyelazimishwa mezani huzaa mwenyekiti asiyejibu simu. Makamu achaguliwe akijua kwamba mwakani yeye ndiye mwenyekiti, na kuanzia mwezi wa sita aongoze kikao kimoja na ziara moja huku wewe umekaa nyuma.

Makabidhiano yafanyike ndani ya siku 14 baada ya mkutano mkuu, kwa orodha iliyotiwa saini pande zote mbili: daftari la wanachama, nywila za barua pepe ya chama (si ya mtu), usimamizi wa kundi la WhatsApp, simu za wazungumzaji waliokubali na waliokataa, barua za wafadhili, na salio la benki kwa tarehe hiyo. Fomu ya kubadilisha waweka saini ijazwe siku hiyohiyo, pamoja na nakala ya muhtasari wa uchaguzi, kwa kuwa benki haitabadilisha chochote bila muhtasari huo.